Kaisari Apiga Magoti

Papa Cishugi, mushonaji wa nguo pale mutaa wa Kasha, alibatizwa Philémon. Zaïre ilipokataza majina ya wazungu, akalificha hilo jina kama mutu anavyoficha kuku wake wageni wakibisha hodi. Lakini kila Pasaka, katika muchezo wa parokia, alikuwa askofu wa Ulaya ya zamani, aliyemugomea kaisari mpaka kaisari akapiga magoti.

Mwaka mumoja kaisari alikuwa sitwayen Lwaboshi, kama watu walivyoitwa siku zile, mukubwa wa chama cha serikali. Akasema waziwazi, "Mimi siwezi kupigia mutu magoti. Askofu ndiye atanipigia."

Papa Cishugi akasonya, akaendelea kushona kofia yake ya uaskofu.

Jioni ya muchezo, askofu akainua mukono. Kaisari akamucheka kwa nguvu mpaka taji lake la bati likaanguka, akapiga magoti kuliokota. Papo hapo filimbi ikalia nje: bendera inashushwa. Na bendera ikishuka, hakuna anayetikisika, hata mwenye ugali mudomoni. Kaisari akaganda magotini, mukono wa askofu juu ya kichwa chake, parokia nzima ikitazama.

Filimbi ya pili, ya kuachilia watu, ilipolia, Papa Cishugi akasema kwa upole, "Nimekusamehe, mutoto wangu."