Mbiu ya Shemeji Yangu

Jirani yangu amenunua redio, na tangu ainunue hatupumziki mchana. Mkubwa fulani akikohoa huko mjini, redio inakohoa pamoja naye. Nikiuliza, haya, na hayo nani kayathibitisha, jirani ananiambia, "Bibi, redio ndiyo imesema." Imesema, ndiyo. Hata kasuku anasema.

Sisi enzi za Wadachi, wale Wajerumani, hapa Rumonge kando ya ziwa hatukuwa na redio. Tulikuwa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mpiga mbiu. Wazee wake walikuja na misafara kutoka Manyema, yeye akazaliwa hapa hapa pwani. Alikuwa mfupi, miguu matege, mwenye kanzu nyeupe ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Na mbishi! Akianza kubishana na muuza ndagala, vidagaa vya ziwani, kama ndagala zimekauka au hazijakauka, ungeweza kwenda nyumbani, ukapika, ukala, ukarudi ukamkuta palepale. Nilikuwa nikimkimbia sokoni ili watu wasijue ni ndugu yetu.

Lakini akishika pembe yake ya mbiu alikuwa mtu mwingine. Alipiga mbiu mahali patatu: ufukweni kwenye mitumbwi, sokoni, kisha mtaani kwetu karibu na msikiti. Kila habari aliitaja imetoka kwa nani. Hii nimeiona mwenyewe. Hii nimeambiwa na fulani, naye aliambiwa na fulani. Yeyote aliyetaka kuuliza aliuliza, naye alijibu mpaka maswali yaishe. Na akikosea alirudi mahali palepale patatu, akapiga pembe kwa nguvu zilezile, akasema, "Nililowaambia si kweli." Mara moja alitangaza kwamba mtumbwi wa chumvi unaingia. Tukashuka na vikapu, tukachomwa na jua, chumvi hakuna. Kesho yake akaja kujirekebisha. Wanawake tulimcheka hadi machozi. Alisimama, akangoja tumalize kucheka, akaenda mahali pa pili kuchekwa tena. Mimi sijaona mkubwa yeyote akifanya vile, na nimeona wakubwa wa kila rangi.

Vita vya Wazungu vilipofika ziwani, kambi ya hapa ilikuwa na bwana mmoja kijana wa Kidachi, pua imebabuka kwa jua. Mimi nilikuwa nampelekea mpishi wake mawese, kwa hiyo nilikuwepo asubuhi ile alipomwita shemeji.

"Kawaambie watu boti zote za adui zimezama," alisema. "Ziwa ni letu. Wapiga makasia wajiandae kupeleka unga Kigoma."

"Ndiyo, bwana. Iko mutu ameona?"

"Mimi nimesema."

"Bwana amesema, nimesikia. Lakini watu wataniuliza. Iko mutu ameona?"

Mimi chupa ya mawese nusura initoke mkononi. Yule bwana akamfukuza kwa mkono. Ninyi hamkuwajua Wadachi. Mtu alichapwa kwa kuchelewa kuamka.

Shemeji akaenda ufukweni, askari nyuma yake, akapiga pembe. "Bwana wa kambi asema boti za adui zimezama zote, na wapiga makasia wapeleke unga Kigoma. Nimemuuliza nani ameona, hakunitajia mutu. Wavuvi waliofika leo kutoka Nyanza, kijiji cha chini yetu, wanasema wameona moshi wa boti huko kusini. Mimi mwenyewe sijaona kitu." Kisha akaenda sokoni akayarudia, na mtaani akayarudia, neno kwa neno. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Wapiga makasia waliosikia walirudi majumbani kwao kimya kimya.

Mchana alilazwa chini sokoni akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele yetu sote. Ile kanzu ilikuwa imekunjwa pembeni, mume wangu ameishika. Baada ya hapo yule bwana akasema, "Unataka mtu aliyeona? Basi wewe utakwenda kuona." Akaamuru mtumbwi mdogo upakiwe unga, shemeji apelekwe nao. Mitumbwi mikubwa ipakiwe pia, ikae tayari, ifuate baadaye.

Mtumbwi ulihitaji mtu wa kupiga kasia, maana mgongo wa shemeji haukufaa kitu. Watu walitazama chini. Mume wangu akavua kofia yake akanipa, akashika kasia.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kaka hajui kuogelea," akanijibu, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa gumu kulielewa. Wakaondoka.

Shemeji alirudi peke yake. Wavuvi walimleta, midomo imepasuka, na hakupita kambini kwanza, alikuja mlangoni kwangu. Alinieleza yote bila kuzungukazunguka. Boti ya adui iliwatokea ikiwa na mzinga, haijazama wala haina dalili ya kuzama. Mtumbwi ulipigwa ukapinduka. Mume wangu alimsukuma kaka yake mpaka akashika mgongo wa mtumbwi, na alipokuwa bado majini, akimsukuma, watu wa boti wakampiga risasi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mama mkwe wangu akaanza kulia, na mimi nikafungiwa ndani kukaa eda.

Shemeji akaenda kambini kutoa habari, na aliporudi alisimama nje ya pazia. "Shemeji," akasema, "yule bwana anataka niseme ni dhoruba. Anasema ziwa lina dhoruba kila siku, hakuna atakayeuliza. Mitumbwi mikubwa inaondoka leo. Nikisema vingine, kamba ya kuninyonga iko tayari, na wewe na mama hamutabaki na mwanaume. Marehemu ni mume wako. Nisifanye kitu bila wewe."

Sitaki kujipamba. Wakati ule nilimchukia. Nikamwambia, "Ulimi wako ndio uliomtia majini."

"Najua," akasema. Hakuongeza neno, yeye aliyeweza kubishana nusu siku juu ya ndagala.

Nilikuwa nawajua wale wapiga makasia wote. Nilikuwa nawajua wake zao, nani ana mimba, nani ananyonyesha, nani amegombana na mumewe jana yake. Wangeambiwa dhoruba imetulia, nao wangeingia mitumbwini wakiimba. Nikajifunga kaniki yangu nikasimama. Mjane wa kwetu akiwa edani hatoki nje, hata nyumba iungue watu hujiuliza kwanza. Mama mkwe alinishika nguo. Nilimtoa mkono taratibu, nikapita.

Tulishuka ufukweni, yeye mbele na mimi nyuma yake. Mitumbwi ilikuwa imejaa magunia, wanaume wako majini mpaka magotini, tayari kusukuma. Waliponiona nje waliachia mitumbwi. Shemeji akapiga pembe. "Bwana wa kambi asema ndugu yangu amekufa kwa dhoruba. Mimi nilikuwepo. Hakukuwa na dhoruba. Boti ya adui iko ziwani, ina mzinga, na ndugu yangu amekufa kwa risasi. Muke wake huyu hapa. Haya nimeyaona mwenyewe."

Askari aliyetumwa kumsikiliza alinyanyua kitako cha bunduki. Naye alikuwa mtu wa msikiti wetu. Aliniangalia mimi, mjane mwenye kaniki katikati ya mchana, akaishusha.

Nahodha wa mtumbwi wa kwanza aliinama akatoa gunia, akaliweka mchangani. Akatoa la pili. Wengine wakafanya hivyo hivyo, na wake zao wakashuka kuwasaidia. Yule bwana alitoka, akapiga makelele kwa lugha yao, akatishia, lakini ufukwe mzima ulikuwa umemgeuzia mgongo ukibeba unga, na kamba yake ilikuwa moja, isingetosha kutunyonga sote. Haukupita muda Wadachi wakafunga virago wakaondoka hapa.

Mimi nilidhani pale ufukweni tumemaliza. Shemeji akanigeukia, mgongo wake unavuja damu kwenye ile kanzu, akasema, "Bado sokoni na mtaani." Nikamfuata. Alisema yaleyale kwa sauti ileile, na kila mahali alisimama kungoja maswali, akayajibu, hata yale yaliyokuwa yananikata mimi moyo. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mbishi siku ile, na chuki yangu iliishia njiani, sijui wapi.

Mke wa yule nahodha wa kwanza alikuwa na mimba kubwa wakati ule. Hakunishukuru, na mimi sikutaka shukrani, kwa sababu ungemshukuru mtu kwa nini, kwa kufiwa? Juzi nilikwenda msibani kwake. Mumewe amekufa kwa uzee, kitandani mwake, watoto wamemzunguka, amelalamika chai haina sukari kisha akafumba macho. Nilikaa na wenzangu, nikalia kuliko mjane mwenyewe.