Tulivyokata Sumaku Newala, Mahali Pasipo na Maji

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza nimeshika sketi kwa mkono wa kushoto. Zipu ilikuwa imeharibika asubuhi hiyo, nikaibana kwa pini kubwa, nikashusha blauzi juu yake, nikaingia karakana nikijiona mfanyakazi kamili. Fundi Mkuu alinipokea mlangoni. Alikuwa Mmakua wa Masasi, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio shamba la pili.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Salima. Una chuma chochote mwilini?"

"Sina."

"Hereni?"

"Nimeziacha nyumbani."

"Basi pita, uione meza."

Nilipoikaribia meza ya sumaku zilizokamilika, kiuno changu kikatangulia mbele yangu. Pini ikapinda, ikachomoka, ikaruka na kugonga sumaku, kah! Fundi Mkuu akaitazama pini, akanitazama mimi, kisha akageukia ukuta kwa heshima.

"Wamakonde bwana," akauambia ukuta. "Hata kazini mnakuja na silaha."

Kabila lake na langu ni watani, kwa hiyo sikuwa na haki ya kukasirika. "Afadhali sisi tuna cha kuficha," nikamjibu. Tangu siku hiyo tukaelewana.

Hizo zilikuwa siku za soko huria. Viwanda vya umma vilikuwa vinafungwa au kuuzwa, na redio ilituhimiza kujitegemea asubuhi, ikarudia jioni. Mimi nilichambua korosho kiwandani Masasi tangu usichana wangu, hadi tulipoambiwa turudi nyumbani tukasubiri. Tukasubiri. Nyasi nazo zikasubiri pamoja nasi. Ziliota getini, zikachanua maua madogo meupe, zikazaa mbegu, na hakuna aliyekuja kutuita.

Ndipo akarudi Mkurugenzi, mzaliwa wa Newala aliyefanikiwa Dar es Salaam. Wenzake waliorudi na mtaji walifungua baa au duka la mitumba. Yeye akafungua karakana ya kutengeneza sumaku, na watu wakampa pole mama yake. Aliniajiri kwa sababu ya vidole. "Aliyeshika punje ya korosho bila kuivunja," alisema, "atashika na sumaku."

Alikuwa na hoja. Vijana wengi wanadhani sumaku ni chuma kigumu kisichovunjika. Sumaku zetu zilikuwa za madini adimu: neodimi iliyochanganywa na chuma na boroni, ikasagwa kuwa unga, ikashindiliwa na kuokwa. Kitu hicho kina nguvu ya kumvuta punda lakini huvunjika kama sahani. Vitofali vyake vilitoka nje ya nchi vikiwa bado baridi, yaani havijatiwa usumaku, na kila kimoja kilikuwa na mshale uliochorwa kuonyesha nguvu italala upande gani. Ukikata bila kuujali mshale, umetengeneza jiwe la bei mbaya.

Tulikata kwa msumeno wenye chembe za almasi, tukasugua hadi tupate umbo alilotaka mteja, tukapaka nikeli ili pasiingie kutu. Mwisho kabisa tuliweka kipande ndani ya koili, waya mnene uliozungushwa mara nyingi, na kukipitishia umeme mwingi kwa pigo moja. Taa zilififia, koili ikaguna, na kitu kilichoingia kimelala kikatoka kimeamka. Sikuwahi kuizoea dakika hiyo. Hata baada ya miaka mingi nilikuwa nikishusha pumzi kama mkunga aliyesikia mtoto akilia.

Maumbo tuliyoombwa yalikuwa ya kila namna. Mwenye mashine ya kusaga wa Tandahimba alitaka kigae kilichopinda ili kikae kwenye koo la mashine. Mchonga vinyago wa Chilangala alitaka vifungo viwili vidogo, avifukie ndani ya mpingo, kichwa cha sanamu kiweze kutolewa na kurudishwa. Alikuja kuvichukua akiwa na sanamu yenyewe, na alipoweka kichwa kikajigeuza chenyewe kikatazama mgongoni. Fundi Mkuu alikuwa amempa ncha zinazokataana. Mchongaji akaizungusha sanamu yake mkononi. "Iacheni hivyohivyo," akasema. "Huyu sasa ni shemeji yangu mtupu."

Lakini shida yetu kubwa ilikuwa maji. Kukata kitofali kavukavu hakuwezekani: unga wake hushika moto wenyewe, hivyo msumeno lazima umwagiwe maji muda wote, tena maji yaliyochanganywa na mafuta maalumu yanayoyafanya yawe meupe na yenye povu. Sasa Newala iko kwenye uwanda wa juu, na maji yako bondeni. Sisi tulikunywa mvua tuliyoikinga kwenye mabati na kuihifadhi shimoni. Mkurugenzi alikuwa amekaa Dar kiasi cha kusahau kwamba kwao maji hayatoki ukutani. Ilibidi yaletwe kwa lori, na lori lilipopita njiani wanawake waliliangalia kama harusi ya watu wakubwa.

Meneja wa Uzalishaji alitoka mkoa wenye mito. Alikuwa kijana nadhifu, na wageni walipokuja alivaa suti yake moja ya kijivu. Aliamuru maji ya msumeno yakishatumika yamwagwe shimoni nyuma ya karakana. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Mama Shaibu, mfagiaji wetu, ambaye pia alimfulia Meneja nguo. Mama Shaibu alilelewa kama sisi sote: maji ya kuoshea mchele yanaosha vyombo, ya vyombo yanaosha sakafu, ya sakafu yananywewa na mche wa mpapai. Kumwambia mtu wa namna hiyo amwage pipa zima ni kumwambia atupe mtoto.

Basi siku moja Mkurugenzi akatukusanya. Kiwanda kipya cha korosho cha Masasi kilitaka fimbo na vigae vya sumaku vya kunasa misumari na vipande vya waya kabla punje hazijafungwa kwenda nje. Mkaguzi wao angekuja kuangalia.

"Wakikubali, tunaendelea," alisema. "Wakikataa, nauza mashine na kila mtu arudi kwao."

Nilikuwa nimeshasubiri mara moja na nyasi zangu. Sikutaka kusubiri tena. Tulikata vile vigae kwa uangalifu wa mtu anayemnyoa mfalme.

Mkaguzi akafika, mama wa makamo aliyejifunga kilemba cheupe, na mkebe wa punje za korosho kwapani. Meneja alikuwa ndani ya suti yake ya kijivu, imepigwa pasi hadi mikunjo ikakata upepo. Akatueleza kando kwamba maelezo atatoa yeye mwenyewe. Akasimama mbele ya meza, akainama kidogo amwonyeshe mgeni kigae cha kwanza.

Ukosi wa koti ukaruka ukashika kigae.

Akauvuta kwa tabasamu. Ulipoachia, mkono wa koti ukanaswa na fimbo iliyokuwa kushoto. Akageuka kuutoa, pindo la nyuma likajibandika kwenye kigae cha pili. Kwa muda mfupi Meneja alikuwa ameshikwa pande tatu kama mwizi wa kuku.

"Suti yako ni ya bati?" Mkaguzi akauliza.

"Ni kitambaa cha nje, mama. Kina uzi wa... wa kisasa."

Mkaguzi hakucheka. Alipitisha kidole kwenye ukosi, akakiangalia. Kilikuwa na vumbi la kijivu. "Huu ni unga wa sumaku," akasema polepole. "Kama sumaku zenu zinamwagia unga mtu aliyezisogelea tu, punje zangu zitakuwaje? Mimi nanunua kitu cha kutoa chuma kwenye chakula. Sikuja kununua cha kukiongeza."

Akaanza kufunga mkebe wake. Niliona nyasi zikiota getini.

Mama Shaibu akaweka ufagio chini.

"Mwanangu, sumaku hazina kosa. Suti nimeifua mimi. Kwa maji ya mashine."

"Maji ya mashine?" Meneja akamgeukia. "Si nilisema yamwagwe!"

"Baba, yana povu tayari! Maji yenye sabuni yake ndani, nikayamwage? Mungu angenionaje?"

"Umenifulia kwa hayo tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunisifu kwamba suti inakaa vizuri mwilini. Ilikuwa inaongezeka uzito."

Fundi Mkuu akatoka nje ghafla, na tukamsikia akicheka huko peke yake. Mkaguzi alikuwa amesimama na mkebe wake nusu umefungwa. "Mama wewe ni wa wapi?" akauliza.

"Hapahapa Newala."

"Mimi nilizaliwa Chilangala," Mkaguzi akasema. "Mama yangu angefua shuka zote za nyumba."

Akakivua kilemba chake cheupe. Akakizungushia kigae, akasugua kwa nguvu, akakifungua: cheupe vilevile. Nikeli yetu ilikuwa imeshika. Halafu akasugua kwenye bega la Meneja, kilemba kikawa kijivu. Mwisho akamimina punje za mkebe juu ya kigae, na alipoziondoa, kilibaki kipande chembamba cha waya, kimesimama wima kama kimesikia kinaitwa.

"Nazichukua," akasema. "Lakini wafanyakazi hawa wapewe maji safi ya kwenda nayo nyumbani. Nisije nikakuta unga huu kwenye sufuria ya mtu."

Hivyo ndivyo karakana ilivyobaki. Kila lori la maji lilipokuja, dumu letu lilijazwa kwanza, na Newala nzima ikatujua kwa hilo kuliko kwa sumaku. Binti yangu aliolewa na watu waliouliza kwanza kama mama yake bado ana kazi kule kwenye maji. Meneja alihamia Dar baadaye. Fundi Mkuu akashika nafasi yake, nami nikashika ya Fundi Mkuu, hadi macho yalipoanza kukataa kuuona mshale na nikaomba kupumzika.

Sasa nakaa Lisekese, Masasi, kwa wakwe wa binti yangu. Vijana huniuliza nimetengeneza nini maisha yangu yote, na sina cha kuwaonyesha. Vigae vyetu viko ndani ya mashine, gizani, hakuna anayevitazama. Waliojenga nyumba wanaonyesha nyumba. Mimi huwaambia wakipata korosho wale taratibu, punje kwa punje, wasikilize meno yao. Msumari ambao hawakuung'ata, huo niliutoa mimi.