Kaseti Iliyosafishwa

Kabla sijasema alichonitendea, yafaa kwanza nieleze jinsi tulivyokuwa tukirekodi. Aliyekulia na simu mkononi anaweza kudhani nilikasirikia jambo dogo.

Katika miaka ya tisini hapakuwa na duka Machakos lililouza jazi. Rhumba ilikuwepo tele, nyimbo za injili zilikuwepo, na bendi zetu za Kikamba zilikuwepo, zile ambazo magitaa yake hayakuachi ukae. Jazi tuliipata redioni tu, kwenye masafa mafupi, ikija na kupotea kama sauti ya mtu anayezungumza huku akizunguka nyumba. Ukitaka kuihifadhi ulitafuta redio kaseti ya pili, ukaiweka mbele ya ile ya kwanza, ukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuwaomba watu wa nyumbani wanyamaze. Hawakunyamaza kamwe. Kwa hiyo kila kaseti yetu ilikuwa na wimbo na ilikuwa na nyumba: jogoo, bawaba za mlango, mtu akiuliza chumvi imewekwa wapi. Tulizizoea sauti hizo hata tukawa tunazingoja.

Tulikuwa wanne. Jumamosi alasiri tulikutana katika studio ya picha mjini, kwa sababu ilikuwa na pazia zito lililozuia kelele za barabarani. Mwenye studio alikuwa mzee mpole aliyefumba macho kila muziki ulipoanza. Tulikaa kwenye benchi la maharusi, na nyuma yetu ukuta umechorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Wa pili alikuwa mama muuza mitumba katika soko la Tala, mpenzi wa tarumbeta, mcheshi, ambaye wote tulimwita mwaitu, yaani mama. Wa tatu nilikuwa mimi, mwalimu wa sekondari. Wa nne tulimwita Mhandisi, kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha. Alifanya kazi kiwandani upande wa Athi River, na kaka yake aliyekuwa ng'ambo alimtumia CD.

Kila mmoja alileta kitu kimoja alichokisikia karibuni na kukipenda. Tulikipiga, kisha tukakizungumza. Sheria yetu ilikuwa moja: kaseti ikishawekwa haisimamishwi, wala hakuna anayefungua mdomo mpaka upande mzima uishe. Aliyeitunga ni Mhandisi, siku mwaitu alipocheka katikati ya piano yake.

Sasa nije kwenye kaseti yangu. Baba alipougua nilimtoa shambani Mua akakaa kwangu mjini. Jioni moja redio ilileta saksofoni tamu sana, peke yake, bila ngoma. Nilikuwa nimeshaanza kurekodi baba alipoingia na mkongojo wake. Akasimama. Akauliza kwa Kikamba, "Nani huyo analia, na mbona humpi chakula?" Kisha akacheka, akakohoa, akaketi. Hadi mwisho wa wimbo unasikika mkongojo wake ukigonga sakafu kufuata mdundo, na kila mara unachelewa kidogo.

Baada ya mazishi, hiyo ndiyo sauti yake pekee niliyobaki nayo. Nikavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Vijino vikivunjwa, mashine haikubali kurekodi juu yake. Kila mtu aliyemiliki kaseti alijua maana yake: usiguse.

Nilipoipiga studioni, mwaitu alifuta machozi. Mhandisi aliomba kuiazima ili aisikilize kwa utulivu nyumbani kwake. Nikampa. Nikamwambia, "Itunze, baba yuko humo." Akasema, "Usijali, Mwalimu."

Jumamosi iliyofuata alifika akitabasamu, akaniwekea kaseti mapajani.

"Mwalimu, leo niko na zawadi yako. Nimekusafishia."

"Umenisafishia nini?"

"Hizo kelele. Huo wimbo niko nao kwa CD. Nimeurekodi upya hapo hapo, juu ya ule wako. Sasa utasikia saksofoni, si kikohozi."

"Aiya!" mwaitu akaruka. "Na si huyo alikuwa baba yake?"

Mhandisi akatuangalia mmoja mmoja, na nadhani hapo ndipo alipogundua kuwa hatukuwa tukimshukuru. "Jameni, mimi ningejuaje ni kitu ya maana? Kaseti ni kaseti. Ningejua nisingegusa."

Niliigeuza kaseti. Juu ya mashimo ya vijino nilivyovunja palikuwa na kipande cha selotepu, kimekatwa kwa mkasi, kimebandikwa sawasawa. Ukiziba yale mashimo, mashine hudanganyika na kurekodi. Hakuna anayefanya hivyo kwa bahati mbaya. Nilikibandua kwa ukucha nikakitia mfukoni.

Mwenye studio, asijue la kufanya, aliiweka kaseti ichezwe. Sheria ikatushika. Saksofoni ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nilijua mahali baba anapoingia. Nikangoja. Pakafika, pakapita, na muziki ukaendelea kana kwamba hapajawahi kuwa na mtu. Nilikaa kimya hadi mwisho, kama sheria ilivyotaka, na katika kimya hicho nikaanza kupanga.

Wapo watakaokushauri kwamba hasira ipoe kwanza. Ni ushauri mzuri, na niliufuata, kwa sababu mwenye hasira ya moto hupiga kelele na kisha huonekana yeye ndiye mkosaji. Nilimsalimu Mhandisi vizuri. Nilimuuliza habari za watoto. Nikasifu CD zake hadi mwenyewe akatualika nyumbani kwake Kyumbi tukasikilize mpya, kwa spika kubwa, na tuje na mashine zetu tujirekodie.

Siku hiyo mwenye studio alikuwa na harusi ya kupiga picha. Mwaitu alifika nami, lakini hakukaa sana sebuleni. Alivutwa jikoni na mke wa Mhandisi, ambaye alikuwa na hamu ya kujua bei ya mapazia Tala. Nikaweka redio kaseti yangu mezani, mbele ya spika, nikabonyeza vitufe viwili mbele ya macho ya Mhandisi. Sikuficha kitu.

Nimefundisha miaka mingi, na hili nitakuachia bure: anayejiona anajua hahitaji kuchokozwa, anahitaji swali tu. Muziki ulipoanza nilimuuliza, kwa sauti ya mwanafunzi, "Hapa anafanya nini?" Akaeleza. Nikauliza tena. Akaeleza huku akifyonza chai kwa sauti. Alipokosa maneno alihumu, aliimba midomo imefumbwa, nje kabisa ya wimbo, kwa mapenzi makubwa. Nyumbani kwake sheria haikumhusu. Mwishowe nikauliza, "Hivi wenzetu wale wanaisikia kama wewe?" Nikaacha piano ijibu kwanza. Kisha akajibu yeye.

Nilipofika nyumbani jambo la kwanza lilikuwa kuvunja vijino.

Studioni, zamu yangu ilipofika, nilisema, "Nimeleta kitu nilichokisikia juzi nikakipenda. Ni piano, na sauti ya mwanamume."

"Sauti?" mwaitu akauliza. "Anaimba?"

"Utasikia."

Mwenye studio akafumba macho kama kawaida. Piano ikaanza, na baada ya hapo chai ikafyonzwa. Macho ya mzee yakafumbuka. Mhandisi aliitambua sauti yake kabla yetu, nadhani. Shingo yake ilikakamaa. Tukamsikiliza akihumu. Mwaitu aliziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa na mabega yake yakawa yanaruka. Kisha likaja swali langu, na jibu lake, wazi kuliko piano:

"Yule mzee wa studio? Yule husikiliza kama mtu anangoja chapati. Tunamvumilia sababu ya benchi lake. Na huyo mama wa mitumba, hata ukimpigia honi ya lori atatoa machozi."

Mhandisi alinyoosha mkono kuelekea mashine. Mwenye studio, bila kusema, aliushika mkono ule, akaurudisha juu ya goti la mwenyewe, akaweka kidole mdomoni. Upande ulikuwa bado mrefu. Tukausikiliza wote.

Kaseti ilipojizima, mwaitu ndiye aliyeanza. "Hiyo ya honi ni kweli. Hasa yale malori ya simiti. Yananigusa."

"Na hizo chapati," mzee akasema polepole, "miaka yote hii hujawahi kuniletea hata moja."

"Mwalimu, ulinirekodi," Mhandisi akasema.

"Nilirekodi piano. Wewe ulikuwa ndani ya nyumba."

"Basi ifute. Hapa hapa."

"Haiwezekani. Nimevunja vijino."

"Si unabandika selotepu tu!"

Nje mtu alikuwa akiuza magazeti, na tulimsikia vizuri sana. Mhandisi naye alisikia alichokisema, lakini kilikuwa kimeshatoka.

"Kumbe unajua," mwaitu akasema. Hakuwa akicheka tena.

Mhandisi hakurudi studioni. Tulibaki watatu, na nakuambia kweli, jazi ilisikika vizuri zaidi.

Miaka ilipita, mambo ya CD yakawa ya kila mtu, mzee akafunga studio. Siku moja Mhandisi alikuja shuleni kwangu, mvi zimemjaa, ameshika CD ya ule wimbo wa saksofoni kwa mikono miwili. Alitaka tubadilishane. Alisema kaseti ile yenye sauti yake humkosesha raha kila anapokumbuka kuwa ipo.

Nilimkaribisha kiti. Nikamwambia sina haja na CD, lakini kaseti nitampa bure, leo hii, kwa sharti jepesi. Yeye ndiye mtu wa mwisho aliyemsikia baba kwenye kaseti yangu. Aniambie tu baba alisema nini.

Aliinamisha kichwa. Alijaribu kwa dhati, nilimwona, midomo yake ikitafuta. "Alikuwa anauliza... jina la wimbo?"

"Hapana."

"Alikuwa anaomba upunguze sauti."

"Hapana. Lakini usikate tamaa," nikamwambia kwa upole ule ule ninaotumia darasani. "Nenda ufikirie. Siku yoyote ukikumbuka, mlango uko wazi."

Nikamsindikiza hadi langoni na kumwomba anisalimie mama watoto.