Jile Yangu Chini ya Kichwa ya Papa

Mucheke tu, lakini mutu asiniite muuaji: papa, baba yangu, yuko anakula bugali leo.

Walimupasua hernia, ile ngiri, ku hospitali, mimi nikabaki kumuchunga. Infirmiye, muuguzi wake, akamulaza kwa ubavu, bila muto, akaniambia, "Usimuguse. Dawa ya usingizi ingali mu mwili."

Nikaona ni dharau. Muzee wa watoto saba analazwa sawa mulevi mu mufereji! Infirmiye alipotoka tu, nikamugeuza papa mugongoni, nikakunja jile yangu ya taxi-moto, ile kizibao ya numero 45 mugongoni, ikakuwa muto, nikamuinua kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Palepale akaanza kukoroma.

Nikaita mama kwenye mulango, akaingia. "Sikia usingizi ile! Kulaza wagonjwa, mimi njo docteur." Mama akanibariki.

Kisha kukoroma kukanyamaza. Nikasema, sasa amepata amani. Infirmiye akaingia, akaona midomo ya papa inageuka buluu, akaruka. Akatupa ule muto chini, akasukuma taya mbele, akamurudisha kwa ubavu. Papa akavuta pumzi mpaka kitanda kikalia.

"Ulimi ilianguka nyuma, ikafunga koo! Nani aliweka muto hapa?"

Nikajibu mbiyo, "Hata mimi ninajiuliza! Watu hawana akili!"

Mama akaokota ule muto. Akaukunjua polepole, akasoma numero kubwa ya mugongoni, akaniangalia.

"Karante-senki," akasema. "Docteur, vaa jile yako."