Meya Niliyemkalisha Mkekani

Tangu Jumanne nakwenda shambani kwa njia ya nyuma, nisikutane na mtu. Mimi ni mtendaji wa kijiji hapa Maguu, na sijui kama bado nastahili kuitwa hivyo.

Parokia ilituletea wageni wawili Wamarekani: bwana mwenye tai kutoka ofisi ya gavana wa jimbo lao, na mama wa makamo, meya wa mji mdogo ndani ya jimbo hilohilo. Tulikuwa na risala ya kuomba pampu ya maji ya zahanati. Mara katibu tarafa akafika bila taarifa, na viti vya meza kuu vikapungua kimoja. Nami na akili zangu nikawaza: kwetu mtu wa mkoa akija, wa halmashauri anasogea. Nikamwomba mama meya akakae mkekani na akina mama. Akaenda huku anatabasamu.

Nikamkabidhi mwenye tai risala kwa mikono miwili, nikaomba amwamuru meya wake atusaidie. Mwalimu wa shule yetu, aliyekuwa mkalimani, akatafsiri. Uso wa mgeni ukawa mwekundu.

"Anasema hawezi kumwamuru," mwalimu akatueleza. "Hata gavana hawezi. Meya kachaguliwa na watu wa mji wake, na pampu za msaada ni mali ya mji huo. Yeye mwenyewe kamsindikiza meya tu."

Katibu tarafa akanigeukia. "Mtendaji, huyo meya yuko wapi?"

Umati mzima ukageuka. Alikuwa mkekani anamenya ndizi, kwa kisu nilichompa mimi.