Neno Alilolipita Afande Kyarisiima

Nilimchukia Afande Kyarisiima kabla sijajua jina lake. Nilichukia viatu vyake vilivyong'aa, nikachukia na namna alivyohesabu funguo kila baada ya kufunga mlango: moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja, halafu anarudia. Sisi wafungwa alituhesabu vivyo hivyo. Tulichuchumaa uwanjani na magauni yetu ya njano, wanawake arobaini na watatu, naye anapita akigusa bega moja moja, na akimaliza anaanza upya huku jua linatuchoma. Wenzangu walisema ana kichwa kibovu. Mimi nilisema ana roho mbaya, na nilikuwa na sababu yangu.

Sababu yenyewe ni mbuzi sita na neno moja.

Mimi ni Nathalie, Mfulero wa upande wa Lemera, Kivu ya Kusini. Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mwaka 2009. Mume wangu alikwenda Kampala kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi, nami nikaanza biashara ya mbuzi. Niliwachukua Masha kwa Wanyankole, tukielewana kwa vidole na kwa kutikisa vichwa, nikawaleta Juru, mtaa mmoja wa kambi, kwa Wakongomani wenzangu na kuwachinjisha. Biashara ilikuwa ndogo, lakini mimi na mwanangu Gradi, aliyezaliwa Aprili 2011, hatukulala njaa.

Septemba ya mwaka huo nilikuwa mnadani, Gradi mgongoni, nimeshika kamba za mbuzi sita niliokwisha kuwalipia. Mwanamume aliyeniuzia alikuwa bado amesimama kando yangu. Mara polisi wakaja na mwenye mifugo. Kumbe mbuzi walikuwa wa wizi.

Polisi mmoja akauliza, "Nani nauza hii mbuzi?"

Nikajibu upesi, kama anavyojibu mtu asiye na hatia. "Ni miye niliuza, chef! Ule mwanaume njo aliuzisha!"

Hapa lazima nieleze, ingawa bado inaniuma. Kwetu Kongo, kuuza ni kutoa pesa yako ukachukua kitu. Ukitoa kitu chako ukapewa pesa, hapo umeuzisha. Hiki Kiswahili cha vitabu ninachoandika nilikuja kujifunza baadaye; siku ile nilikuwa na cha mama yangu tu. Yule mwizi alivielewa Viswahili vyote viwili. Aliinamisha kichwa, akasema yeye ni mnunuzi maskini aliyedanganywa, na jioni ileile alikwenda zake na pesa yangu.

Kortini hapakuwa na mkalimani wa wakimbizi. Wakamwita askari magereza aliyetusindikiza, Afande Kyarisiima, kwa sababu alisifika kwa Kiswahili. Hata makarani walimwita Profesa. Hakimu alikuwa na mafaili mengi mbele yake na saa ya chakula ilikuwa imekaribia.

"Wewe nauza hii mbuzi?" Kyarisiima akaniuliza.

"Ndiyo, afande, miye niliuza. Ule mwingine njo aliuzisha."

Aliposikia neno la mwisho alisita. Nilimwona kwa macho yangu. Midomo ilifunguka, ikafungwa. Kisha akamgeukia hakimu akasema Kiingereza kifupi, kifupi mno kuliko maneno yangu. Hakimu akaandika. Nilihukumiwa miaka mitatu, na nilirudi gerezani nikijua kwamba mwanamke yule amenifanyia jambo, ila sikujua ni jambo gani.

Habari zake nyingine nilizipata baadaye, kwa mama yake mzazi, na nitazisema kama nilivyoambiwa. Kyarisiima alizaliwa Masha, kitinda mimba. Aliingia kazi ya magereza akiwa na miaka ishirini, akapelekwa kaskazini, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake miongoni mwa askari. Kilikuwa Kiswahili cha simama, kaa, leta, funga. Kulekule, jioni moja, alifunga mlango akiamini wafungwa wametimia, kumbe mmoja amezirai nyuma ya jiko. Asubuhi walimkuta amekufa. Tangu hapo akaanza kuhesabu mara mbili. Mumewe alimwacha, akisema amechoka kuhesabiwa hata nyumbani. Alirudi Mbarara, kwenye gereza letu hili, mwaka 1997, wakati watu wetu wanaingia wakikimbia vita, na kwa kuwa wenzake hawakujua hata neno moja la Kiswahili, akawa mtu wa maana. Hilo ndilo lililokuwa lake duniani, funguo na Kiswahili.

Mimi wakati huo nilikuwa nahesabu kitu kingine. Mtoto anaruhusiwa kukaa na mama yake gerezani hadi afikishe miezi kumi na minane. Akifika hapo anakabidhiwa ndugu, na asiye na ndugu anapelekwa nyumba ya watoto. Ndugu sikuwa naye. Jirani yangu Divine, ambaye angempokea, alikuwa amekwisha kupelekwa Amerika. Gradi angetimiza miezi hiyo mwezi wa kumi 2012, nami nilikuwa na miaka miwili ya kifungo mbele yangu. Kila alipojifunza kitu kipya, kukaa, kusimama, kutembea akishika ukuta, wenzangu walishangilia, nami nilitamani arudi nyuma awe mchanga tena.

Juni 2012, asubuhi ya Jumapili, wageni walikuwa wanatarajiwa, na vikapu tulivyosuka vilipangwa mkekani karibu na geti. Kyarisiima akaniita.

"Wewe Nathalie, kuja hapa. Chukua hii vikapu, uza yote."

Nilishangaa. "Afande, nitauza na nini? Sina makuta."

"Uza, nasema!"

"Siwezi kuuza, afande. Sina hata franka moja."

Uso wake ulibadilika. Mbele ya wanawake arobaini, mfungwa amekataa amri. Alichomoa kiboko chake kiunoni. Gradi, aliyekuwa ameshika gauni langu, akaanza kulia, na wanawake wakaacha kusuka. Nikapiga magoti, mikono juu ya kichwa cha mtoto, nikapiga kelele.

"Afande, kama ni kuuzisha, nitauzisha yote! Lakini kuuza, nitauza na nini?"

Kiboko kilibaki juu.

"Sema tena," akasema polepole.

"Kuuzisha."

"Nini hiyo?"

Nilidhani ananidhihaki. Nikachukua kikapu kimoja, nikakitia mkononi mwa mama Nyiransengimana, mzee wetu wa bweni, kisha nikafanya kama napokea pesa kutoka kwake. "Ni vile. Kuuzisha." Nikachukua kikapu kutoka kwake, nikafanya kama nampa pesa. "Na vile ni kuuza."

Kyarisiima alikiangalia kikapu, akaniangalia mimi. Nami, nikiwa bado nimepiga magoti, nikamwona tena alivyokuwa kortini, midomo wazi halafu imefungwa, na ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe kwa mdomo wangu, na huyu alisikia neno la kunifungua, akalipita.

Hakunipiga. Alirudisha kiboko, akaenda kusimama getini. Siku hiyo hakutuhesabu. Mwenzake ndiye aliyetuhesabu.

Nilitegemea kwamba kesho yake ataniita. Wiki mbili zikapita. Akawa mkali kupita zamani, akifoka kwa sufuria iliyowekwa vibaya, kwa kikohozi, ila mimi alinikwepa. Nikiingia jikoni anatoka. Hasira ilinijaa hadi maziwa yakakauka. Mwishowe nilimkuta ghalani anapima unga wa posho, nikasimama mlangoni, Gradi mgongoni, nikaziba njia.

"Afande, unajua."

"Toka hapo."

"Unajua ile neno. Mutoto wangu banamubeba mwezi wa kumi. Semea bakubwa."

"Nitakuweka chumba ya adhabu!"

"Niweke. Lakini unajua."

Alitupa kikombe cha kupimia ndani ya unga. Nilidhani ananijia. Badala yake alikaa juu ya gunia, na sauti ikatoka ndogo, kama si yake.

"Ile siku nasikia hiyo neno. Mimi sijui hiyo neno. Hakimu nangoja, karani naangalia mimi, Profesa. Nikaona haya kuuliza." Akapangusa unga uliorukia viatu vyake. "Wiki ijayo mimi naenda intavyu ya sajini. Na sikiliza, Nathalie. Mimi nasaidia korti miaka kumi na tano. Watu yenu wangapi nasema hiyo neno mbele yangu?"

"Sijue, afande. Miye najua yangu tu."

Nilikuwa na haki ya kumjibu hivyo, na bado nasema nilikuwa na haki. Lakini nilipoona vidole vyake vinagusa magoti kimoja kimoja, nilijua kwamba anahesabu, na kwamba safari hii hesabu haina mwisho.

Siku ya usaili wake alivaa sare iliyopigwa pasi. Badala ya kwenda walikoketi wakubwa wa kutoka Kampala, aliingia ofisini kwa mkubwa wa gereza na karatasi mbili alizoziandika kwa mkono wake. Wenzetu waliokuwa wanafagia nje walisikia mkubwa akimuuliza kama amelewa. Alijibu hajalewa. Aliandika kwamba alitafsiri asichokielewa, na kwamba mfungwa Nathalie alisema amenunua. Walimvua cheo cha koplo alichokuwa nacho, wakamweka getini, wakamkataza kukanyaga kortini kama mkalimani. Faili langu likapelekwa kwa jaji. Alitaja pia wakimbizi wengine kumi na tisa aliowakumbuka kwa majina, na hao hakuna aliyetaka kuyafungua mafaili yao. Majina yale bado anayo kwenye daftari, na hadi leo, 2015, likizo zake anazimaliza Nakivale akiwaulizia nyumba kwa nyumba.

Faili kwa jaji halikimbii. Oktoba ikafika kabla ya jibu. Ofisa wa ustawi alikuja na fomu ya nyumba ya watoto, mbali huko ambako nisingeweza hata kupafikiria. Ndipo Kyarisiima akaacha geti lake, akaja akasimama mbele yangu bila kofia.

"Nipe mimi. Atakaa Masha kwa mama yangu. Iko ng'ombe, atakunywa maziwa. Huyu wa ustawi amekubali kusaini, lakini nasema wewe ukubali kwanza."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kifulero, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa kidogo nilicho nacho. Nilimwambia amekula mwaka wangu na sasa anataka kula mtoto. Alisimama akapokea yote. Nilipomaliza, Gradi alikuwa amelala begani kwangu, na ofisa anaangalia saa. Masha nilipajua, nilijua hata njia zake. Nikamfungua Gradi kitenge, nikampa yeye, kwa sababu sikuwa na mwingine. Siku zilizofuata nililala chini nikakataa chakula, na mama Nyiransengimana ndiye aliyenilisha kwa nguvu.

Jibu la jaji lilitoka Mei 2013. Nilivua gauni la njano saa nne asubuhi. Nje ya geti Kyarisiima alikuwa ananingoja na nguo za kawaida, gomesi ya buluu, na mara ya kwanza nilimwona ni mwanamke tu wa makamo mwenye miguu iliyochoka. Tukaenda Masha pamoja.

Gradi alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja. Amenenepa, ana viatu. Aliniangalia, akajificha nyuma ya bibi. Bibi alilia, akanipa maziwa, akanieleza mambo ya binti yake huku binti mwenyewe akitafsiri na kuona haya. Baadaye nikambeba mwanangu kwa nguvu, anapiga mateke na kulia, tukatoka hadi barabarani kungoja gari la Nakivale. Pale akaniangalia usoni, akasema kitu kwa Kinyankole, wazi kabisa, maneno matatu.

"Ninyenda kuza omuka."

Mwanangu alikuwa ameongea nami, na sikumwelewa. "Anasema nini?" nikamuuliza Kyarisiima.

Midomo yake ilifunguka, ikafungwa. Niliijua midomo ile. Nikangoja alipite na hilo.

Lakini alichuchumaa mbele ya mtoto, akamuuliza kitu, taratibu. Gradi akajibu. Akamuuliza tena kwa namna nyingine, na Gradi akanyoosha kidole nyuma yetu, kwenye nyumba tuliyotoka. Ndipo akasimama.

"Anasema anataka kwenda nyumbani," akasema. "Mimi nauliza, nyumbani wapi? Nauliza mara mbili. Anasema kwa mama yangu."

Angeweza kuniambia mtoto ana njaa, nami ningeamini. Nililia hapo barabarani bila kujificha. Gari lilionekana likija kwa mbali, vumbi nyuma yake.

"Nyumbani, kwa luga yenu, ni nini?" nikamuuliza.

"Omuka."

"Sema tena."

"Omuka."

Nikamgeuza Gradi mikononi mwangu hadi akatazama upande wa Nakivale. "Omuka," nikamwambia, nikanyoosha kidole. Hakuacha kulia, lakini alitazama.