Mbao Mbili za Mvule Mkiani

Niliharibu ndege ya kaka yangu kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nikamwacha aamini kwamba aliyeiharibu ni yeye. Nitukaneni mkitaka, nimestahili.

Mimi ni seremala wa mikokoteni ya ng'ombe huku Myanga. Kwetu sisi kitu kizuri ni kizito. Mkokoteni ukivunjika njiani mteja anakurudia na matusi, kwa hiyo ukiwa na shaka unaongeza ubao. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyomponza kaka.

Kaka Wafula alirudi kutoka vitani, ambako alikuwa kwenye karakana ya ndege, akapata kazi katika kiwanda cha mbao Kitale. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: kuunda ndege isiyo na injini, ya kiti kimoja, ya kubebwa na upepo kutoka kilimani. Aliichora mwenyewe. Mbao nyembamba za podo, mti mwepesi, waya, na kitambaa cha amerikani cha kufunika. Majirani zake huko Kiminini, alikokuwa akiishi, walimcheka. Mimi nilikwenda kumsaidia kwa sababu nilimpenda.

Ilipokamilika mifupa ya ndege aliiweka juu ya gogo, akakaa kitini. Ikatulia, haikuinama mbele wala nyuma. Akashuka akicheka.

"Umeona? Sasa usiongeze hata msumari."

"Lakini huku mkiani ni kwembamba sana, kaka. Si itakatika?"

"Achana na mambo ya mikokoteni bana! Hii adui yake ni uzito."

Alipokwenda Kitale kuchukua kitambaa, nilibaki nikiutazama ule mkia. Niliona kabisa ukikatika na yeye akianguka. Nikakata mbao mbili za mvule, mti mgumu na mzito wa mikokoteni yetu, nikazipigilia ndani. Aliporudi tukafunika kwa amerikani, na mimi nikanyamaza. Moyoni nilijisifu kwamba nimemwokoa.

Siku ya kuruka, kaka akiwa kitini, mimi na vijana wa jirani tuliivuta kwa kamba tukikimbia kuteremka kilima. Ikapaa. Tukapiga kelele za furaha. Kisha pua ikaanza kupanda, ikapanda tu, kwa sababu mkia ulikuwa unavutwa chini na zile mbao zangu. Ikasimama hewani kidogo, ikaangukia ubavu.

Kaka alivunjika mgongo. Hakutembea tena bila magongo, na kazi yake ikaisha.

Mabaki ya mkia niliyachoma mwenyewe kabla hajatoka hospitali.

Alikaa miaka akirudia hesabu zake. Kila nilipomtembelea aliniuliza lile lile. "Ndugu yangu, wewe ulikuwepo. Nilikosea wapi?"

Nami nilimjibu, "Labda ni upepo, kaka."

Mwishowe alimwambia mkewe awashie moto ile michoro. Alisema mtu asiyejua hesabu asijifanye mjuzi. Nilikuwa nimekaa pale pale jikoni, nikanywa chai.

Amekufa mwaka huu. Jeneza nilitengeneza mimi, na kwa mazoea nikalitengeneza kwa mvule. Waliobeba walipumzika mara kadhaa wakinung'unika kwamba ni zito. Ati mmoja akasema, "Maskini, hesabu zilimshinda." Sikufungua mdomo hata hapo.

Wewe unayesoma, kama umeiingilia kazi ya mtu kwa kumpenda, mwambie angali na masikio ya kusikia. Atakasirika, labda atakufukuza. Afadhali akufukuze.

Hesabu zako zilikuwa sawa, kaka. Ningekuambia hayo tu, ungekufa ukijua.